Huyu ni Nani Wako?

Filamu nne tumeangalia na kikundi chetu cha vijana hapa Kakuma: moja ya kukimbizana, moja ya maisha, moja dokumentari na moja ya mizimu. Sikuzichagua kwa mpango. Mbili nilipewa kwenye flashi na rafiki, mbili tulipakua usiku wakati bando ni rahisi. Lakini tulipomaliza ya nne nikaona zote zinauliza swali moja, lile lile tunaloulizwa siku ya kwanza tukifika mezani na vumbi la safari bado liko miguuni: huyu ni nani wako?

Mtu wa nje anaweza kuona hilo ni swali dogo. Sisi tunajua uzito wake. Jibu lako ndilo linaamua mnalala nyumba gani, mnahesabiwa watu wangapi kwenye chakula, na siku ikifika, nani anapanda ndege na nani anabaki kupunga mkono. Sasa katika filamu hizi zote nne kuna mtu analijibu kwa uongo. Mmoja anasema mtoto ni wake, kumbe si wake. Wawili wanasema wamezaliwa tumbo moja, kumbe walikutana njiani. Mmoja anampa mwenzake jina lake mwenyewe. Na mmoja anasema ndugu zake wote wamekufa, kumbe wako hai wanakula chakula cha jioni katika nchi nyingine.

Kwa hiyo nitazipima kwa hilo. Habari za picha na waigizaji nitagusa, lakini nataka kujua kila filamu inamfanyia nini huyu mtu aliyesema uongo. Natoa onyo kabisa: mwisho wa kila moja nitausema. Kama hupendi kuharibiwa utamu, tafuta flashi kwanza, rudi baadaye.

Ya kukimbizana: Tori et Lokita (2022)

Hii ni ya ndugu wawili Wabelgiji, Jean-Pierre na Luc Dardenne, na ilipewa tuzo maalum ya miaka 75 ya tamasha la Cannes mwaka ule wa 2022. Inaanza na uso wa msichana tu. Anayeuliza humwoni, unasikia sauti yake: ulimtambuaje mdogo wako ulipomkuta? Msichana anajibu, anajikwaa, anarudia, pumzi inamkata. Vijana walikuwa wamekuja kutafuta bunduki, lakini dakika zile za kwanza hakuna aliyeongea. Kila mmoja alikuwa amewahi kukaa kwenye kile kiti.

Ukweli ni kwamba Lokita ametoka Kameruni na Tori ametoka Benin. Walijuana safarini. Tori ana karatasi tayari kwa sababu kwao alitajwa kuwa mtoto mchawi, na Wabelgiji wamekubali kwamba akirudi atateswa. Hapo Wakongo wote kwenye kikundi waliitikia kwa kichwa. Nani hajui habari ya watoto wa Kinshasa wanaolala barabarani kwa sababu mtu wa nyumbani aliota ndoto na mchungaji akathibitisha kwamba ni ndoki? Lokita yeye hana kesi kama hiyo. Mlango wake pekee ni kuwa dada wa Tori.

Kuanzia hapo ni mbio hadi mwisho. Wanauza dawa za kulevya kwa ajili ya mpishi wa hoteli moja ya chakula, na huyo mpishi anamdhulumu Lokita kwa njia ambayo filamu haikuonyeshi kwa ushabiki, asante Mungu. Waliowavusha wanadai deni lao, tena wanadai wakiwa kanisani. Mama yuko nyumbani anasubiri pesa na haamini kwamba binti hana. Mwishowe Lokita anakubali kufungiwa miezi mitatu kwenye ghala la kulima bangi ili alipwe kwa karatasi za kughushi. Tori anatafuta njia ya kuingia humo ndani kumwona. Hakuna muziki wa kukuambia uogope. Unaogopa mwenyewe.

Mnajua sheria ya kibanda cha video: stelingi hauawi. Kule kwetu Kongo tunamwita akteri, na yeye pia hafi. Basi Lokita anapigwa risasi, hivi hivi, porini, bila maneno ya mwisho. Vijana walikasirika. Kijana mmoja alisema hiyo si filamu, ni taarifa ya habari. Mimi nadhani alikuwa anaisifu bila kujua.

Kitu nilichopenda sana ni kwamba filamu haibishani kama wale ni ndugu au si ndugu. Inakuonyesha tu. Tori anapanda baiskeli, anajibana, anatambaa kwenye tundu la hewa kumfikia dada yake, na wewe unajiuliza: kama huyu si kaka, kaka ni nani? Ofisi inauliza damu, filamu inakuonyesha mtoto akitambaa.

Kasoro yake ni moja, na nitairudia mbele. Uongo wa watoto hawa haumuumizi mtu. Hakuna aliyekosa nafasi kwa sababu yao. Ni wasafi mno. Ni rahisi kuwapenda, na mimi filamu inayonirahisishia kupenda huwa naitilia shaka kidogo.

Ya maisha: The Good Lie (2014)

Hii ndiyo watu wa hapa wanaitaka kila mara kwa sababu inataja kwetu. Ni ya watoto wa Sudan Kusini waliotembea kutoka vitani mpaka Kakuma, wakakaa hapa miaka 13, halafu wakapelekwa Marekani. Historia yenyewe ni ya kweli: kambi hii ilianza mwaka 1992 na watoto kama wale, na zaidi ya vijana 3,000 wa kundi hilo walichukuliwa kwenda Marekani miaka ya 2000 na 2001, mpaka shambulio la Septemba 11 lilipofunga mlango. Aliyeiongoza ni Mkanada, Philippe Falardeau. Wawili kati ya waigizaji wakubwa, Ger Duany na Emmanuel Jal, walikuwa askari watoto wenyewe. Inaonekana machoni mwao. Kuna namna Ger Duany anavyokaa kimya ambayo shule ya uigizaji haifundishi.

Sasa ubaya wake. Ukiangalia picha ya tangazo, uso mkubwa ni wa Reese Witherspoon, mama Mmarekani anayewatafutia kazi. Ndani ya filamu hachukui nafasi yote, tumtendee haki, lakini bado kuna vichekesho vingi vya Mwafrika asiyejua simu, asiyejua chakula cha paketi. Vijana walicheka, na mimi nilicheka. Baadaye dada mmoja akauliza mbona Mmarekani hachekwi kwa kutojua kitu chochote kuhusu sisi. Kweli, anachekwa mara mbili tatu tu. Na vumbi la Kakuma yao ni safi kuliko letu.

Twende kwenye uongo. Wakiwa watoto wadogo porini, Mamere anasimama na askari wanamwona. Kaka yake mkubwa, Theo, anasimama haraka na kujifanya yuko peke yake. Anachukuliwa yeye, wengine wanapona. Huo ni uongo wa kwanza, uongo wa mwili. Miaka inapita. Mamere yuko Marekani, anasikia Theo anaweza kuwa hai, anarudi Kenya, anampata. Anazunguka balozi, milango inafungwa. Basi anamwambia kaka yake kwamba karatasi zimepatikana. Wanafika uwanja wa ndege Nairobi, na hapo Theo anaelewa: karatasi ni za Mamere. Theo atasafiri kwa jina la mdogo wake, na Mamere atabaki, arudi kambini kufanya kazi hospitali.

Watu walilia. Nami nilisikia kitu kooni, sitajifanya jiwe. Filamu inautaja uongo huu kuwa mwema, na imejitayarisha mapema kwa darasa ambalo Mamere anasoma Huckleberry Finn, kitabu cha Mark Twain, mahali kijana anadanganya ili kumwokoa mtumwa. Sawa. Uongo wenyewe naukubali. Kinachonisumbua ni kwamba filamu inaishia pale pale, kwa machozi matamu, ndege inaruka. Theo ataishi vipi akiitwa Mamere kila asubuhi kazini? Akiugua, daktari atasoma faili la nani? Akioa, watoto watapewa jina gani? Mtu anayebeba jina la mwingine habebi siku moja. Hapa kambini tunawajua watu walioitikia jina lisilo lao mpaka la kwao limekuwa geni, wakiitwa nalo sokoni hawageuki. Filamu ilikuwa na hiyo hadithi mkononi ikaiacha uwanja wa ndege.

Lakini naipa heshima kwa jambo moja. Mamere, Theo na Abital wametoka nyumba moja. Jeremiah na Paul waliungana nao njiani. Filamu haiwapangi kwa madaraja, wote ni ndugu. Na wakifika Marekani, Abital anapelekwa mji mwingine, peke yake, kwa utaratibu wa karatasi tu. Hapo hakuna mtu aliyedanganya, na bado ndugu wametenganishwa. Hiyo sehemu ni ya dakika chache, na kwangu ni bora kuliko machozi yote ya mwisho.

Dokumentari: Flee (2021)

Vijana walipoona ni katuni walitaka kuondoka. Nikawaambia kaeni dakika 10. Walikaa mpaka mwisho, isipokuwa wawili.

Hii ni habari ya kweli ya mtu aliyetoka Afghanistan akiwa mtoto na sasa ni msomi anayeishi Denmark. Filamu inamwita Amin, lakini si jina lake. Aliyeitengeneza, Jonas Poher Rasmussen, ni rafiki yake tangu shule. Ni katuni kwa sababu uso wa Amin lazima ufichwe. Mwaka 2022 iliteuliwa kwa tuzo tatu za Oscar pamoja: filamu ya kimataifa, dokumentari na katuni. Haikuwahi kutokea filamu moja kuteuliwa kwa zote tatu.

Familia ilikimbilia Moscow, wakaishi kwa kujificha, polisi wakiwakamua kila wakitoka nje. Wakajaribu bahari. Kuna sehemu chombo chao kidogo kinaingia maji, halafu meli kubwa ya watalii inatokea. Walio chini wanashangilia, wanadhani wameokolewa. Walio juu wanapiga picha. Amin anasema alichosikia wakati ule ni aibu. Sijaona filamu nyingine inayosema neno hilo waziwazi namna hiyo. Siku zote tunaonyeshwa woga na njaa. Ile aibu ya kuangaliwa kutoka juu, wewe umelowa, haionyeshwi.

Mwishowe Amin anasafirishwa peke yake, na msafirishaji anampa amri: ukifika sema familia yako yote imeuawa. Alifanya hivyo. Ana daftari aliloandika alipofika Denmark, kwa lugha yake ya zamani ambayo sasa anaisoma kwa shida, na ndani yake ameandika vifo vya watu walio hai. Miaka zaidi ya 20 aliishi hivyo. Dada zake wako Sweden, nchi ya jirani, na yeye mbele ya marafiki ni yatima.

Nilisimamisha filamu pale kwenye daftari. Niliona vijana wawili wanaangaliana. Sikuwauliza kitu, na hiyo ndiyo kazi yetu wakati mwingine, kutouliza.

Amin anapenda wanaume, na hilo pia alilificha. Hapo ndipo wale wawili waliondoka, na wengine walinung'unika. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Waliobaki waliona jambo ambalo lingewafaa hata hao waliotoka: Amin anapoiambia familia yake ukweli, anategemea kufukuzwa, na kaka yake mkubwa anamchukua kwa gari bila maneno mengi, anampeleka mahali ambapo watu kama yeye wanakutana, anampa pesa, anamwambia aingie. Mtu aliyewaua ndugu zake kwenye karatasi anakuta ndugu hao ndio wanamkubali zaidi ya wote.

Flee inajibu kile The Good Lie ilichokimbia. Inakuonyesha uongo ukiwa mzee. Amin ana mchumba, wanatafuta nyumba ya kununua, na hawezi kutulia ndani ya nyumba yoyote. Ukimuuliza nyumbani ni nini, anasema ni mahali salama, mahali unaweza kukaa bila kulazimika kuendelea na safari. Karatasi anazo miaka yote hiyo. Safari ya ndani haijaisha, kwa sababu ya sentensi moja aliyofundishwa na mtu aliyelipwa.

Ya mizimu: His House (2020)

Nimeiweka mwisho kwa sababu naiona ni kubwa kuliko zote, na ndiyo niliyotegemea kidogo zaidi. Muvi za mizimu kwetu ni za kucheka. Rafiki yangu mmoja anaiga vizuri sana sauti ya DJ Afro, kwa hiyo tulizima sauti ya Kiingereza na yeye akatafsiri kwa mtindo ule, na majina ya kubandika na matusi madogo madogo. Kibanda kizima kilikuwa kicheko, mpaka sehemu ya basi. Pale alinyamaza mwenyewe. Tukarudisha sauti.

Iliongozwa na Remi Weekes, Mwingereza. Bol na mkewe Rial wametoka Sudan Kusini. Baharini wamempoteza msichana, Nyagak. Uingereza inawapa nyumba chakavu pembeni ya mji na masharti: hakuna kufanya kazi, hakuna kuhama. Ofisa wao, anayeigizwa na Matt Smith, si mtu mbaya, amechoka tu, na anawashauri wawe miongoni mwa wale wazuri. Bol anajitahidi: ananunua nguo za Kiingereza, anakula mezani kwa uma. Rial anakaa chini sakafuni na chakula chake. Na ukutani kuna kitu kinakwaruza.

Rial anakijua kwa jina: ni apeth. Anasimulia habari ya mtu maskini aliyetamani nyumba hadi akaanza kuiba, na siku moja akamwibia mzee mmoja kando ya mto bila kujua ni nani. Alipomaliza kujenga, yule mwenye mali akahamia ndani ya kuta. Bol anapasua kuta kwa nyundo, na kadiri anavyopasua ndivyo anavyoonekana kichaa mbele ya wenye nyumba yao. Woga wake unakuwa mara mbili: mzimu ndani, ofisa nje.

Halafu linakuja basi. Kwao kumeshambuliwa, watu wanakimbia, basi limejaa, wanapandisha wenye watoto. Bol na Rial hawana mtoto. Bol anamnyakua msichana aliye karibu, anasema huyu ni binti yangu. Wanapanda. Basi linaondoka, na nyuma yake mama anakimbia akimwita mtoto wake.

Ndiyo sababu hakuna aliyecheka tena. Jibu la Bol liliwaokoa watu wawili, na kwa muda likamwokoa hata Nyagak. Lakini kuna mtu alilipa. Hapo ndipo naona His House inawapita wengine wote. Tori na Lokita hawakumnyang'anya mtu. Mamere alitoa cha kwake. Amin aliwaua watu kwa kalamu tu. Bol alichukua mtoto wa mtu. Na filamu haimgeuzi kuwa shetani kwa hilo. Inakuweka pale pale mlangoni mwa basi, moshi nyuma yako, na kukuuliza ungefanya nini. Mimi sijui ningefanya nini. Najua wanaojibu haraka hawajawahi kusimama pale.

Apeth anataka uhai wa Bol badala ya mtoto. Mwishowe Rial ndiye anayemuua, na wanabaki kwenye ile nyumba. Lakini mizimu haiondoki. Picha ya mwisho wamesimama na nyumba imejaa wafu, na Nyagak yupo. Hawajasamehewa, hawajahukumiwa. Wanapaka ukuta rangi na wanaishi nao. Mwenzetu mmoja, mama wa watoto watatu anayekuja kwenye kikundi na mwanawe mgongoni, alisema hiyo si muvi ya kuogopesha, ni muvi ya kupanga chumba: huyu akae hapa, yule akae pale. Sina tafsiri bora kuliko hiyo.

Malalamiko yangu ni madogo. Waigizaji, Sope Dirisu na Wunmi Mosaku, ni Waingereza wenye asili ya Nigeria, na majirani zetu wa Sudan Kusini walilalamika kuhusu matamshi. Wana haki. Lakini Mosaku anaigiza kwa shingo na mabega tu, na hata wao walikubali.

Ubishi wetu

Baada ya hiyo ya nne tulibishana hadi mlinzi akaja. Kijana mmoja alisema filamu hizi zisionyeshwe kwa wageni. Alisema watu wa nje tayari wanasema wakimbizi ni waongo, sasa tunawapelekea ushahidi kwenye skrini. Hoja yake siidharau. Kuna watu kesi zao zimekaa miaka kwa sababu jina liliandikwa tofauti mahali pawili, na mtu wa mezani akaona uongo kumbe ni kalamu.

Lakini sikubaliani naye, na sababu zangu ni mbili.

Ya kwanza ni lugha. Kwetu Fizi, mdogo wa baba yangu ni baba. Dada wa mama yangu ni mama. Mtoto wa kaka yangu ni mtoto wangu, na sihitaji kueleza. Neno lenyewe ndugu haliulizi tumbo wala jinsia, linauliza kama mko pamoja. Mtu akifika mezani na kusema huyu ni mama yangu, na baadaye ikagundulika kwamba hakumzaa, ameandikwa amedanganya, na hajadanganya. Ametafsiriwa. Na wako wasichana waliovuka Tanganyika na mtoto wa jirani mgongoni, sasa mtoto ana miaka tisa na hajui mama mwingine. Huyo ni nani wake? Nitajieni neno moja la fomu linalotosha. Filamu hizi, hata zile zenye kasoro, zinaonyesha kwamba swali lenyewe ni jembamba kuliko maisha. Hilo wageni wanatakiwa kuliona.

Ya pili ni ngumu zaidi. Tukikubali kuonyeshwa kama malaika tu, tunajifunga wenyewe. Yule anayetaka tuwe malaika atatufukuza siku ya kwanza atakapoona tuna makucha kama watu wengine. Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 unasema mkimbizi ni mtu mwenye hofu ya msingi ya kuteswa kwa sababu ya rangi yake, dini, utaifa, kundi lake katika jamii au maoni yake ya siasa. Unawatoa wahalifu wa vita na wenye makosa mazito ya jinai, na ni sawa. Lakini haukuandika kwamba awe mtu mwema, hodari, mwenye shukrani. Hofu inatosha. Bol ana hofu. Bol alifanya jambo baya. Yote mawili ni kweli na bado anahitaji paa. Filamu inayoweza kubeba hayo mawili kwa pamoja inanilinda mimi zaidi kuliko ile inayoniosha uso kabla ya kunipiga picha.

Yule kijana hakukubali. Alisema maneno yangu ni mazuri kwa mtu ambaye kesi yake haiko mezani. Nilimwambia ya kwangu pia iko mezani. Tukaachia hapo, na sidhani kama nilimshinda.

Sasa kwa wanaotaka ushauri tu: wadogo chini ya miaka 15 msiwaonyeshe Tori et Lokita wala His House bila mkubwa karibu, na mkubaliane mapema kwamba mtu anaweza kutoka nje bila kuulizwa. The Good Lie inafaa kwa watu wote, ila mzungumze baada yake, isiishe kwa vilio. Flee iangalieni kikundi kidogo, watu wanaoaminiana, na taa msiwashe haraka ikiisha.

Na kwa wale kati yetu wenye simu nzuri na hamu ya kutengeneza filamu, kuna moja haijatengenezwa bado. Katika His House, mama wa Nyagak anaonekana muda mfupi sana, anakimbia nyuma ya basi, halafu vumbi. Filamu inaondoka na Bol, kwa sababu kamera siku zote hupanda na wale wanaoondoka. Mimi nataka kujua yule mama alifika wapi jioni ile, alilala kwa nani, na kama alifika mezani kambi fulani, wakamuuliza ana watoto wangapi, alijibu nini.